Jina Kwenye Jalada: Mwandishi, Imani na Lakabu

Miaka michache iliyopita, nikifundisha Kitengela, msichana wa Kidato cha Tatu aliniletea shairi la gazeti la ukutani. Ng'ombe wa Kajiado walikuwa wakifa kwa ukame, na mhubiri alikuwa amesema ukame huo ni adhabu ya dhambi. Nafsineni katika shairi aliuliza: mbona ng'ombe wa babu, aliyesali kila alfajiri, ndio waliotangulia kufa? Chini ya shairi palikuwa na jina la mti wa porini. Babake alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa hilohilo ndilo lililomlipia karo. Nililibandika. Mwalimu mwenzangu alitaka sana kujua ni la nani; sikumwambia.

Jina kama hilo, la kupanga, ndilo tunaloliita lakabu. Usilipite haraka unapotazama jalada la kitabu. Wapo wanaotumia lakabu kwa madaha ya sanaa tu, na wapo wanaojikinga kwa sababu wanayoyaamini hayaafikiani na ya jamaa zao. Kifungu cha 32 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Lakini Katiba hailipi karo.

Mfano unaojulikana sana ni wa Uingereza. Mwaka 1842 Mary Ann Evans alikataa kuendelea kwenda kanisani, akakosana na babake. Mwaka 1846 tafsiri yake ya kitabu cha David Strauss, kilichohoji miujiza ya Yesu, ilitoka bila jina lake. Alipoanza kuchapisha hadithi mwaka 1857 alijiita George Eliot. Imani haikuwa sababu ya pekee: alikuwa mwanamke, tena akiishi na mwanamume aliyekuwa na mke. Mtahiniwa makini huzitaja zote.

Hapa Kenya, kisa kinachonivutia zaidi kinakwenda kinyume. Riwaya tatu za kwanza za Ngũgĩ, za 1964, 1965 na 1967, zilitoka kwa jina la James Ngugi. Mwaka 1970 alihutubia mkutano mkuu wa Kanisa la PCEA, akaanza kwa kusema yeye si mtu wa Kanisa, wala si Mkristo. Mzee mmoja akamjia juu: vipi asiwe Mkristo naye anaitwa James? Ngũgĩ hakubishana na hoja hiyo. Aliliacha jina la ubatizo, na vitabu vilivyofuata vikabeba jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Hilo si lakabu, na usiliite hivyo katika mtihani. Ni mtu aliyelisahihisha jina lake lifanane na msimamo wake, hadharani, baada ya kukemewa mbele ya watu.

Sasa njoo kwenye Karatasi ya 3, ambako alama hupotea kila mwaka. Mhusika akimdhihaki kasisi, mtahiniwa huandika kwamba mwandishi anapinga dini. Hapana. Katika swali la muktadha wa dondoo tunataka msemaji, msemewa, mahali na kiini. Imani ya mwandishi haimo. Hata ukijua kisa cha maisha yake, kitumie kueleza usuli wa kazi, kisha urudi kwenye matini utafute ithibati.

Lijaribu hilo kwa shairi la yule msichana. Nafsineni ni nani? Mjukuu wa mfugaji, aliyepoteza mifugo, anayehoji mahubiri. Ukiandika "mtu asiyemwamini Mungu" hupati alama, kwa kuwa hakuna mshororo uliosema hivyo. Mimi nilimuuliza mwenyewe, mlango wa ofisi ukiwa umefungwa. Aliniambia bado husali kila usiku, ila hasali tena kwa maneno ya yule mhubiri.