Mbwa kumtazama mgonjwa mahututi: swali hili lina uzito gani Lamu?

Katika baadhi ya hospitali za Marekani, Kanada na Uingereza, mbwa huruhusiwa kuingia hadi kwenye chumba cha wagonjwa mahututi ili kumwona mwenyewe anayeugua. Habari ya namna hii ikisomwa barazani mjini Lamu huzua kicheko kwanza, mjadala baadaye. Kicheko hicho kinaeleweka. Katika mji huu wa vichochoro vyembamba, uliotiwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, mbwa haonekani sana. Paka ndio wenye mitaa, na punda ndio wenye kazi.

Hata hivyo, Lamu si mji mkongwe peke yake. Wakulima wa Mpeketoni, upande wa bara, hufuga mbwa wa kulinda boma, na wapo wakazi wa kigeni wa Shela na Manda wanaoishi na mbwa nyumba moja. Mmoja wao akilazwa katika hali mahututi na jamaa zake wakaomba mbwa aletwe, daktari atajibu nini?

Kwanza yafaa kuwatofautisha mbwa wa aina tatu, maana mara nyingi huchanganywa. Yupo mbwa mwongozaji, anayemsaidia kipofu au mlemavu, ambaye sheria za nchi kadhaa humpa haki ya kuandamana na mwenyewe karibu kila mahali. Yupo mbwa wa tiba, aliyefunzwa na kupimwa afya, anayezungushwa wodini na msimamizi wake kuwaliwaza wagonjwa asiowajua. Wa tatu ni mbwa wa nyumbani, ambaye hakufunzwa lolote ila anampenda mtu mmoja tu, naye ndiye aliyelala kitandani. Mjadala wetu unamhusu huyu wa tatu, na ushahidi wa kitaalamu juu yake ndio mchache kuliko wote.

Dhana yenyewe si ngeni. Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa wa muda mrefu. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 92 waliotoka hospitalini baada ya maradhi ya moyo. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani, 3 walifariki katika muda wa mwaka mmoja. Kati ya 39 wasiokuwa nao, walifariki 11. Mwaka 2007 utafiti mwingine, nchini humo humo, uliwagawa wagonjwa 76 wa moyo katika makundi matatu: waliotembelewa na mbwa kwa dakika 12, waliotembelewa na mtu wa kujitolea, na walioachwa wapumzike. Waliokaa na mbwa walipungukiwa na wasiwasi zaidi, na shinikizo la damu katika moyo na mapafu yao likashuka.

Matokeo hayo yanavutia, lakini yasibebeshwe mzigo yasioweza kuubeba. Idadi ya wagonjwa ni ndogo. Mwenye mnyama nyumbani huenda ana afya, mali au jamaa kuliko asiye naye. Isitoshe, mbwa wa mwaka 2007 walikuwa wa tiba. Hakuna aliyethibitisha kwamba mbwa humponya mgonjwa mahututi. Kinachodaiwa kwa haki ni kwamba humtuliza.

Upande wa pili wa mizani ni maambukizi. Mgonjwa mahututi ana mirija kooni, mishipani na kwenye kibofu, na kila mrija ni mlango wa vijidudu. Mate ya mbwa mwenye afya tele huwa na bakteria wanaoweza kumdhuru vibaya mtu ambaye kinga yake imedhoofu. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa mwaka 2015 na SHEA, chama cha Marekani cha wataalamu wa maambukizi ya hospitalini, unapendekeza kwamba kwa kawaida wanyama wa nyumbani wa wagonjwa wasiruhusiwe. Mlango umeachwa wazi kidogo kwa hali za pekee, kama vile mgonjwa aliyelazwa muda mrefu au aliye ukingoni mwa maisha. Hapo mbwa hutakiwa awe msafi, amefungwa kamba, aende moja kwa moja kwa mwenyewe bila kuwagusa wengine, na kila aliyemgusa anawe mikono.

Wapenzi wa paka wa Lamu hawatafurahi kusikia kwamba mwongozo huo huo unawatenga paka katika ziara za tiba, kwa hoja kwamba hawafunziki kiasi cha kuaminika. Aliyewahi kuwaona wakiwasubiri wavuvi gatini atashindwa kuipinga hoja hiyo.

Kwetu Kenya kuna hofu nyingine, nayo ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona, na takriban visa vyote hutokana na mbwa. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, ambao nguzo yake ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa asiye na cheti cha chanjo hana cha kufanya wodini, awe analiliwa na nani.

Halafu kuna suala la dini, ambalo miongozo ya ng'ambo huligusa kwa juu juu tu. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito. Kilichoguswa nao huoshwa mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo. Madhehebu ya Imamu Malik yana mtazamo tofauti, yakimhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Hata kwa Mashafii, kikavu kikigusa kikavu najisi haihami, na mbwa wa kulinda mifugo au shamba huruhusiwa. Aidha, Waislamu wanakijua kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hivyo anayempiga mbwa mawe kwa jina la dini anaisingizia. Lakini muuguzi aliyelambwa mkono au vazi lake ana kazi ya kujitwaharisha kabla ya sala, naye ana haki ya kuulizwa mapema.

Mwenye haki kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mgonjwa wa kitanda cha pili. Huyo hawezi kusema kwamba anaogopa mbwa, kwamba manyoya humbana pumzi, au kwamba imani yake haimruhusu. Na kitanda cha pili hakiko mbali. Utafiti wa mwaka 2020 ulihesabu vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kusaidia kupumua nchini kote, na ni kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na huduma hiyo. Kwa uhaba huo, chumba cha faragha ni anasa. Afadhali mgonjwa atolewe nje, kama zifanyavyo hospitali kadhaa za Uingereza zenye bustani ambamo kitanda huingizwa pamoja na mashine zake. Huko mbwa hukutana na mwenyewe bila kumpitia jirani.

Na kabla ya mbwa, yuko binadamu. Mgonjwa wa Lamu anayezidiwa mara nyingi huvushwa kwa boti hadi Mokowe, kisha husafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa. Jamaa watakaomudu nauli na malazi ni wachache, nao wakifika huenda wakapewa dakika chache za kumtazama. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Utafiti uliofanywa Florence, Italia, na kuchapishwa mwaka 2006, uligundua kwamba chumba kilipofunguliwa kwa wageni, vijidudu viliongezeka katika mazingira lakini maambukizi kwa wagonjwa hayakuongezeka, na matatizo ya moyo yakapungua. Saa za kuwatazama wagonjwa zinaweza kuongezwa bila kununua mashine hata moja.

Mwenye punda naye ana wasiwasi wake. Punda hawezi kupelekwa Mombasa, na hakuna anayeomba hivyo. Lakini mchukuzi wa mchanga na saruji anapozinduka baada ya siku kadhaa, huenda swali lake la kwanza likawa ni nani anamlisha mnyama wake. Kituo kilichofunguliwa Lamu mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary kilianzishwa ili kuwatibu punda bila malipo. Majani na maji ya kila siku humtegemea ndugu au jirani, na picha moja ya simu ikionyesha punda yuko zizini na ameshiba inaweza kuingia wodini bila kuoshwa mara saba.