Kufuta kesi

Anayefuta ubao ni yule mwenye kifutio. Anayefuta jina katika daftari ni mwenye daftari. Kitenzi *futa* huchukulia kwamba mtendaji ana mamlaka juu ya kinachofutwa, na hapo ndipo usemi "kufuta kesi" unapopotosha. Mke amepigwa, mumewe amekamatwa, na siku ya tatu mke anarudi kituoni akiongozana na shemeji na wazee wa ukoo kuomba kesi ifutwe. Tukio hilo linaweza kutokea Tunduma au popote mkoani Songwe, na kila aliyemo ndani yake huamini kwamba kesi ni ya mke. Sivyo.

Ili kuona kwa nini, yafuatwe majina ambayo watu hawa hupewa njiani. Mume anapokamatwa huwa *mtuhumiwa* (Kenya husema *mshukiwa*, nalo neno hilo linaeleweka Tanzania). Mke huitwa *mlalamikaji*. Hupewa PF3, yaani Fomu ya Polisi Namba 3, ambayo daktari hujaza maelezo ya majeraha, na mara nyingi huelekezwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mume akisomewa mashtaka mbele ya hakimu huwa *mshtakiwa*. Hawi *mkosaji* mpaka atiwe hatiani, jambo ambalo waandishi wa habari husahau mara kwa mara. Katika Mahakama ya Wilaya jalada husomeka "Jamhuri dhidi ya" fulani. Mlalamikaji hana nafasi katika kichwa hicho cha jalada. Amekuwa *shahidi wa upande wa mashtaka*, na mwenye kesi ni Jamhuri, inayowakilishwa na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Kwa hiyo vitenzi vitatu vinahitaji kutenganishwa. *Kusamehe* ni haki ya mke, wala hakuna mahakama inayoweza kumzuia. *Kusuluhisha* ni jambo ambalo sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaliruhusu katika makosa madogo ya kibinafsi, kama vile shambulio la kawaida, iwapo mahakama itaona maslahi ya umma hayadai adhabu. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi. *Kuondoa mashtaka* ni kazi ya mwendesha mashtaka. Akiyaondoa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa *huachiwa*, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Akiyaondoa baada ya hapo, mshtakiwa *huachiwa huru*. Mfasiri anayeandika "aliachiwa huru" katika hali ya kwanza amebadili hukumu kwa neno moja.

Mahakama ya Mwanzo ina utaratibu wake. Huko mlalamikaji hubaki na sauti kubwa zaidi, na anaweza kuomba kuondoa lalamiko lake, ila kwa ridhaa ya mahakama. Huenda mazoea ya "kufuta" yamepata nguvu huko.

Lipo pia suala la ushahidi, ambalo huwashangaza wengi. Kwa kawaida mume au mke halazimishwi kutoa ushahidi wa upande wa mashtaka dhidi ya mwenzake. Lakini kosa likiwa limemgusa mwili au mali yake mwenyewe, ulinzi huo huondoka: mke aliyepigwa anaweza kuitwa na kutakiwa aseme, hata kama nyumbani wameshapatana. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikisema vingine. Maneno "alikuwa anamrudi mkewe" si utetezi.

*Dhamana* nayo hueleweka vibaya. Si faini wala malipo ya kumtoa mtu. Dhamana ya polisi ni bure. Ni ahadi, na *mdhamini* ndiye anayeibeba. Mtu ambaye hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 huweza kuachiwa na polisi kwa ahadi hiyo, na akifika mahakamani hakimu anaweza kuongeza masharti. Mjini Tunduma, ambako Nakonde ya Zambia iko hatua chache tu kwa miguu, sharti la kusalimisha hati ya kusafiria au kutotoka nje ya eneo lina uzito ambao halina katika mji wa katikati ya nchi. Kutolewa kwa dhamana hakumaanishi kesi imekwisha, ingawa jirani anayemwona mume barabarani jioni ileile huamini hivyo.

Wafasiri wa matini za Kenya wawe waangalifu zaidi. Kenya ina sheria mahususi ya mwaka 2015 kuhusu ukatili wa nyumbani, na ndani yake *amri ya ulinzi*. Tanzania haina sheria ya namna hiyo. Mashtaka hutoka katika Kanuni ya Adhabu: *shambulio la kawaida*, *shambulio la kudhuru mwili*, *kusababisha madhara makubwa*. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, istilahi hizi husomwa kwa sauti mbele ya watu ambao maisha yao yanategemea kuzielewa. Katika matini ya kisheria iandikwe: "Mlalamikaji aliomba mashtaka yaondolewe." "Alifuta kesi" ibaki katika mazungumzo ya wahusika wa hadithi.