Wanaume, mficha uchi hazai!

Tuseme, msomaji, wewe ni kijana wa pale Nyaramba, Kaunti ya Nyamira. Juma zima sasa ukienda haja ndogo wahisi moto, na asubuhi waona usaha kwenye nguo ya ndani. Mkeo humwambii. Jioni wanyemelea duka la dawa, wanong'ona na muuzaji, wapewa tembe nne kwenye karatasi. Siku ya tatu usaha umekauka, nawe wajiona umepona.

Huenda hujapona! Usaha waweza kukauka na viini vikabaki. Kisonono kimekuwa sugu: penisilini iliyokitibu zamani haikiwezi tena. Klamidia nayo ni kimya. Wengi walio nayo hawaoni dalili yoyote.

Viini visipotibiwa hupanda hadi kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Mrija huo ukinyooshwa hufika kama mita 6, na humo ndimo mbegu za kiume hukomaa. Ukivimba, korodani huuma na kuwa nzito. Ukiziba kwa makovu pande zote mbili, mbegu hazina pa kupitia. Miaka hupita bila mtoto, na lawama zote humwangukia mke!

Tiba ipo. Mweleze daktari kila kitu. Kwa kisonono kuna sindano ya seftriaksoni. Kwa klamidia, tembe za doksisaiklini asubuhi na jioni kwa siku 7. Korodani ikiwa imevimba, dawa huendelea siku 10 au zaidi. Zimalize zote. Wala usimgawie mkeo tembe zako. Aende mwenyewe, kwani akiwa mjamzito atapewa dawa nyingine. Msikutane kimwili hadi nyote mmalize tiba. Pimeni pia kaswende na virusi vya Ukimwi.

Nawe mwanafunzi, sikia. Korodani ikianza kuuma ghafla, usidhani ni maradhi ya zinaa ukanyamaza. Yaweza kuwa imejipinda na damu haiifikii. Hiyo yahitaji upasuaji, na ikipita saa 6 hivi huenda isiokolewe. Mwamshe mzazi au mwalimu usiku huo huo.

Aibu ya daktari ni ya dakika chache. Nauli ya kwenda hospitali kuu ya kaunti mjini Nyamira ni hasara ndogo kuliko kumngoja mtoto asiyekuja. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.