Je, Wajua? Mafahali wa Barka

Je, wajua ya kuwa mwanafunzi atokaye Unguja au Mombasa, akenda kutafuta ilimu Maskati katika Chuo Kikuu cha Sultani Qaboos, kilichofunguliwa mwaka 1986, aweza alasiri ya Ijumaa, katika majira ya baridi, kushika njia ya pwani ya Al Batinah hadi mji wa Barka, akashuhudia mafahali wakishindana wenyewe kwa wenyewe, pasi na mtu kuwachoma mkuki wala upanga?

Hukutanishwa wawili wawili, walio sawa kwa umbo. Hugonganisha vipaji, hukaza shingo, nundu zikitikisika na kwato zikichimba mchanga, na kila mmoja ana kamba ndefu ambayo wanaume huikimbilia hamaki ikizidi, wapate kuwatenganisha. Ageukaye akarudi nyuma ndiye aliyeshindwa, na aghalabu shauri hukatika kwa dakika chache. Mafahali hawa hulishwa hata tende, maziwa na asali, kwani ashindaye humpa mwenyewe sharafu, na thamani yake hupanda.

Wapo wanaounasibisha mchezo huu na Wareno, waliotolewa Maskati mwaka 1650, na kauli iyo hiyo husemwa Pemba juu ya mchezo wa ng'ombe, ingawa huko ni mtu ndiye amkabiliye fahali. Kwa rai yangu, Mpemba aliyeko masomoni Omani amestahiki kuliko mtalii yeyote kuketi kando ya uwanja ule na kuwadadisi wazee, ambao miongoni mwao wapo wasemao Kiswahili fasaha.