Pensheni Inapofika Mpakani

Kutoka Chumbageni, jijini Tanga, hadi Horohoro ni kilomita sitini na kitu za lami, na ng'ambo ya kituo cha forodha ni Lunga Lunga, Kenya. Mafundi wa Tanga wamevuka hapo vizazi na vizazi kutafuta kazi za bandari, viwanda na ujenzi wa Mombasa, na wenzao wa Kenya wamevuka kuja huku. Watu huvuka, mizigo huvuka. Pensheni ndiyo inayokwama.

Tumchukulie fundi wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Chumbageni. Amefanya kazi Mombasa miaka 8, Tanga miaka 10, na Uganda miaka 2 kwenye bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani. Jumla miaka 20, na kila mwezi alikatwa mchango. Anapotimiza miaka 60 anastahili nini?

Tanzania, mwanachama wa mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, anahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ili alipwe pensheni ya kila mwezi hadi kufa. Huyu anayo 120. Atapewa mkupuo, basi. Kenya hesabu ni nyingine: chake ni kilichomo kwenye akaunti yake pamoja na faida. Na kwa miaka mingi humo mliingia kidogo mno, kwani mwajiri na mfanyakazi walichangia shilingi 200 za Kenya kila mmoja kwa mwezi. Sheria mpya ya 2013 iliyoweka asilimia 6 kila upande ilikaa mahakamani karibu muongo mzima, ikaanza kutumika Februari 2023. Uganda mwajiri hutoa asilimia 10 na mfanyakazi 5, kisha akiba yote hulipwa kwa mkupuo mtu anapofika miaka 55.

Wanaolinganisha mifumo hii hupenda kupanga asilimia za michango ya pande zote mbili: Tanzania 20, Uganda 15, Kenya 12. Orodha hiyo inapotosha. Uganda mstaafu hupewa fedha zake, na zikiisha akiwa na miaka 62 hiyo ni shauri yake. Tanzania mfuko unaahidi kumlipa hata akifika 95, kwa hiyo hatari ya maisha marefu inabebwa na mfuko. Hizo ni ahadi mbili tofauti kabisa. Si kwamba Watanzania hawaupendi mkupuo. Ugomvi wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, ni ushahidi. Kanuni za 2018 ziliuweka mkupuo anaoanza nao mstaafu kuwa asilimia 25 ya pensheni yake, wakati baadhi ya watumishi wa umma walizoea 50. Kelele zikawa kubwa hadi Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huohuo, na mwaka 2022 serikali ikatua kwenye 33.

Umoja wa Ulaya umelitatua suala la fundi wetu kwa kanuni namba 883 ya mwaka 2004. Miaka ya nchi zote hujumlishwa ili kuona kama mtu amefikia sharti, kisha kila nchi hulipa sehemu yake tu. Kwa njia hiyo Tanga ingekokotoa pensheni ya miaka 20, ikalipa nusu yake.

Afrika Mashariki nayo imewahi kukaa mezani kwa ajili ya pensheni, lakini kwa uchungu. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege, wa Tanga wakiwemo, walibaki na haki zilizokusanywa kwenye mashirika ambayo hayapo tena. Mswisi Victor Umbricht alisuluhisha kwa miaka kadhaa. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984 uligawa mali: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kuhusu pensheni, kila nchi ilibeba raia wake. Kwenye karatasi lilikuwa jambo safi. Wastaafu wa Tanzania, hata hivyo, walilazimika kwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na maridhiano na serikali yao yakapatikana 2005, miaka 28 baada ya kazi zao kufa.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya sasa, inayotumika tangu Julai 2010, inampa mfanyakazi mgeni haki ya hifadhi ya jamii sawa na mwenyeji wa nchi anakofanya kazi. Namna ya kuziunganisha haki hizo imeachiwa Baraza la Mawaziri litunge kanuni. Ugumu wake si wa kisiasa pekee. Kanuni ya Ulaya inafaa pale ambapo nchi zote zinahesabu miaka. Uganda inahesabu fedha. Je, mtu aliyekwisha kuchukua mkupuo wake Kampala, miaka yake ya huko ihesabiwe Tanga ili afikishe 15? Ikihesabiwa, mfuko wa Tanzania utaongezewa mpokea pensheni bila senti moja kutoka Uganda. Isipohesabiwa, mtu mwenye miaka 14 na nusu Tanga atakosa pensheni kwa sababu ya miezi 6.