Choroa Mweupe: Kufunga kwa Kuokoa na Kufunga kwa Kujifaharisha

Amfungiaye mnyama amejitwika riziki yake. Sote twamjua, kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.), mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Lakini upo pia ufungaji unaookoa, na mfano wake tunaupata Omani, nchi yenye udugu wa jadi na mwambao wetu.

Choroa mweupe wa Arabuni aliwindwa kwa bunduki na magari hata akakaribia kutoweka. Mwaka 1962, msafara ulioongozwa na Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa askari wa wanyamapori wa Kenya, ulikwenda kusini mwa Arabuni kukamata waliosalia. Watatu walipitishia Kenya, wakakaa karantini, kisha wakapelekwa Phoenix, Marekani. Huko waliunganishwa na wengine kutoka London, Kuwait na Saudia, wakawa tisa. Kundi dogo likizaana ndugu kwa ndugu, ndama huzaliwa dhaifu. Kwa hiyo nasaba zao ziliwekwa daftarini, ijulikane nani apandishwe na nani.

Mwaka 1972 wa mwisho waliokuwa porini waliangamizwa huko Omani. Lau si lile zizi la mbali, habari yao ingekwisha hapo.

Kwa hima ya Sultan Qaboos, choroa walianza kurejeshwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis mwaka 1980. Hawakufunguliwa papo hapo. Kwanza walikaa zizini, kisha katika uwanja mpana wenye uzio, wakaizoea nchi na kuwa kundi moja. Mwaka 1982 ndipo walipoachiwa, na mabedui wa kabila la Harasis wakawa walinzi wao. Kufikia mwaka 1996 walikuwa 450.

Kisha wakaingia wezi. Hawakutaka nyama, walitaka choroa hai wa kuwauzia matajiri wanaopenda kujifaharisha kwa wanyama adimu. Kufikia mwaka 2007 walibaki 65, na eneo la hifadhi lilikuwa limepunguzwa kwa asilimia 90. UNESCO ikaiondoa hifadhi hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia, ya kwanza kabisa kuondolewa. Alhamdulillahi, uzazi wa mazizini uliendelea katika nchi za Arabuni, na mwaka 2011 choroa wa porini walikadiriwa kufika 1,000.

Tazameni, basi: zizi lilikuwa moja kwa sura, nia zilikuwa mbili. Aliyefunga ili arudishe alihuisha. Aliyenunua ili ajionyeshe alibomoa kazi ya miaka ishirini. Nasi majumbani mwetu tuna mtihani uo huo. Mtoto akililia kasuku au kobe aliyetolewa porini, tumweleze kwa upole kwa nini hatununui. Sheria ya Kenya inakataza kumweka mnyamapori bila kibali, na mnunuzi asipokuwapo, mwizi hana soko.