Rejista ya Imeji za Kontena

Imeji ya kontena ni kifurushi chenye programu pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe: maktaba zake, mipangilio na amri ya kuiwasha. Hutengenezwa kwenye kompyuta ya msanidi, lakini hutakiwa kwenye seva, pengine seva nyingi kwa mpigo. Rejista ndiyo huihifadhi imeji hiyo na kuigawa kwa kila mashine yenye ruhusa. Inayojulikana zaidi ni Docker Hub, iliyofunguliwa mwaka 2014.

Imeji haiwekwi humo kama faili moja. Huvunjwa matabaka: chini kabisa mfumo wa msingi kama Debian au Alpine, kisha maktaba, na juu msimbo wa msanidi. Yaliyomo katika kila tabaka hupitishwa kwenye kanuni ya SHA-256, nayo hutoa utambulisho wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika hata baiti moja, utambulisho hubadilika. Uzuri wa rejista umejificha hapo. Kabla ya kupakia, kompyuta huiuliza rejista kama tayari inalo tabaka fulani. Likiwapo, halitumwi tena. Aliyesahihisha mistari miwili ya msimbo hutuma tabaka dogo la juu tu, na mamia ya megabaiti ya chini hayaguswi. Penye intaneti ya bei ghali, nafuu hiyo si ndogo.

Watu huzitaja imeji kwa lebo, mathalani duka:1.4. Lebo ni rahisi kukumbuka, ila inaweza kuhamishiwa imeji nyingine wakati wowote. Hata “latest”, ambayo wengi huichukulia kuwa toleo jipya kuliko yote, ni lebo inayotumika tu pale mtu asipotaja nyingine. Ndiyo maana seva mbili zinaweza kuendesha programu tofauti kwa jina lilelile. Kwenye mfumo unaotegemewa na watu, imeji itajwe kwa utambulisho wake wa SHA-256, huo hauhamishwi.

Novemba 2020 Docker Hub ilianza kuwawekea wasio na akaunti kikomo cha kupakua: imeji 100 kwa saa 6. Kwa kuwa hesabu hiyo hufuata anwani ya intaneti, ofisi nzima iliyo nyuma ya anwani moja huhesabiwa kama mtu mmoja. Taasisi inaweza kuepuka hilo kwa kuwa na rejista yake, kama Harbor iliyoanzia VMware, inayoweza pia kutunza nakala za imeji za nje ili zisipakuliwe kila mara.

Kufuta kunahitaji uangalifu. Nywila iliyoingia katika tabaka moja na kufutwa katika tabaka la juu bado imo, na yeyote anayeipakua imeji anaweza kuisoma. Dawa ni kuibadilisha nywila yenyewe. Vilevile, kuondoa lebo hakupunguzi nafasi inayotumika kwenye diski. Matabaka hubaki mpaka msimamizi aendeshe usafishaji, unaoondoa yale tu yasiyotumiwa na imeji yoyote.